Zamu ya Jumamosi

Karakana ya Mkonge,
Korogwe.
10 Februari 1974

Mpendwa Mjomba Mwinjuma,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi la katani, ambacho hapa kambini hakihesabiwi kuwa ugonjwa, kinahesabiwa kuwa kabila. Mvua imenyesha mara mbili tu, ya kwanza ya kututisha, ya pili ya kutuomba radhi. Kule Old Korogwe mawe ya mtoni yametokeza mpaka mabegani.

Mwambie mama kwamba paji langu la uso ni la baridi. Najua hilo ndilo swali lake la kwanza hata kabla hujafungua bahasha. Mwambie nimejishika mwenyewe leo asubuhi kwa mkono wa kulia, kama alivyoagiza.

Kuanzia hapa, Mjomba, usimsomee. Kohoa, sema mwandiko ni mbaya, ruka.

Fundi mkuu wa zamani, yule Mgiriki, alipoondoka na familia yake mwaka jana, tuliagizwa tusafishe nyumba. Nilipewa kasha la takataka nikalichome. Ndani mlikuwa na gramafoni ya betri na sahani saba za santuri za mwanawe. Nikalichoma kasha.

Kwenye jalada moja kuna vijana wanne wa Kizungu, nywele zimewaning'inia kama katani ambayo haijapigwa brashi, na hakuna hata mmoja anayecheka. Nikajiuliza, mtu anapigwa picha, ananuna kwa nini? Nikaiweka sahani.

Mjomba, sijui nikuelezeje. Si dansi. Huwezi kumshika msichana ukacheza nayo. Gitaa linaanza polepole, zito, kama behewa la mkonge linalosukumwa na watu waliochoka. Panakuwa kimya kidogo. Halafu ngoma zinaangukia juu yake, na gitaa la pili linalia kwa sauti iliyochafuka, kama panga kwenye jiwe la kunolea. Mwimbaji anapiga kelele kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya pipa la dizeli. Lakini namwelewa. Analalamikia jambo ambalo halitarekebishwa, anajua halitarekebishwa, na bado analalamika kwa nguvu zake zote. Baba alipofariki wanawake walilia, mkaanua matanga, nikaambiwa nirudi shule. Nilikuwa na miaka minane. Sikuwahi kusikia mtu akilia kwa sauti inayotosha. Sasa nimeisikia, na inatoka kwenye sahani.

Nimejitengenezea gitaa. Ubao ni wa mlango wa choo cha zamani, nyaya nimeokota karakana, na sauti inapitia redio mbovu niliyoifumua. Sauti ikipasuka ndiyo inanoga. Shida ni mahali pa kupigia. Katibu wa vijana hapa kambini, ndugu Hiza, ametangaza kwamba muziki huu ni uchafu wa wakoloni. Nikamwambia, ndugu Hiza, wakoloni wangekuwa na kelele hizi wazee wetu wasingewavumilia miaka yote ile. Hakucheka.

Basi nimepata mahali pangu, nyuma ya banda la korona. Ile mashine ikianza kuparua majani ya mkonge kwa visu vyake, hakuna anayenisikia hata nipige vipi. Tena korona yenyewe inapiga muziki ule ule. Nasimama katikati, mashine huku, gitaa huku, napata raha ambayo sijawahi kuipata pengine. Wewe uliwahi kulisha korona hiyo hiyo. Utanielewa.

Ni mimi mpwa wako,
Mbaruku Mdoe


Handeni,
kwa hisani ya Shule ya Msingi.
3 Machi 1974

Kwa mpwa wangu Mbaruku,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye meza ya Mwalimu Hosiana chini ya boksi la chaki, kwa hiyo imefika ikiwa nyeupe kuliko ulivyoituma. Sisi hatujambo. Mahindi yameota kwa aibu. Nguruwe pori wamekuja kuyatazama wakaondoka bila kula, na hilo limetuuma kuliko wangekula.

Mama yako nilimsomea habari ya paji la uso. Akasema nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu nikakataa.

Dada yangu huyu ameanza kisomo cha watu wazima. Kila alasiri mama zetu wanakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, wanaimba silabi. Juzi tukiwa njiani akaniuliza, "Kaka, kwenye mfuko ule wameandika nini?" Nikamwambia, mbolea. Akasimama. Akasema, "Hapana. Herufi ya kwanza si M." Ilikuwa salfeti, jina la mbolea yenyewe. Miaka yote nimemsomea dunia huyu mwanamke na hajawahi kunirudisha nyuma. Lakini wanafundishwa herufi za kitabuni tu, zile kubwa zilizosimama moja moja. Mwandiko wa mkono kama wako na wangu kwake bado ni nyayo za kuku.

Sasa lile jambo. Nilikohoa kama ulivyoagiza, akaniletea maji.

Mimi si adui wa gitaa. Kuna wakati nilikuwa na viatu vyeupe. Ukitaka kupiga kelele za vijana walionuna, zipige. Piga karakana, piga mtoni, mpigie Hiza dirishani. Ila nakuomba, na unajua siombi mara nyingi: usipige pale korona. Toka hapo. Sababu ya kwanza ni hatari, sababu ya pili ni kwamba mimi ni mjomba wako. Sababu mbili zinatosha.

Mwinjuma


Korogwe,
28 Aprili 1974

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, paji baridi. Mwambie mama nimefurahi sana kwa habari ya salfeti, na nimewahadithia karakana nzima.

Ndugu Hiza alikuja na vijana wawili kunipekua. Wakachukua gramafoni na sahani, wakakaa nazo siku nne wakitafuta kifungu cha sheria. Walizirudisha betri zikiwa zimekwisha kabisa, kwa hiyo nadhani walikitafuta kwa makini.

Hapa kohoa.

Sikuacha kupiga pale korona. Nisamehe. Jumanne iliyopita nilikuwa nyuma ya banda, nimefumba macho, nikahisi mtu. Nikageuka, nikamwona mzee Valerian. Bila shaka unamkumbuka, mtoto wa yule manamba wa kutoka Songea, asiye na vidole viwili mkono wa kulia. Siku hizi ni mlinzi. Alikuwa amesimama machozi yanamtoka. Nikadhani muziki umemgusa, nikaona fahari.

Akanivuta mpaka mbali na kelele. Akasema, "Wewe si mtoto wa Mdoe?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Na ndiyo unakuja hapa kupiga hicho kitu?"

Nikamwambia, "Mzee, sikiliza vizuri, kinafanana na korona."

"Kinafanana," akasema. "Hiyo ndiyo sauti ya mwisho aliyosikia baba yako. Na wewe umeitia nyaya."

Nikamwambia baba alikufa kwa homa, alizikwa hapa kambini sisi tukiwa Handeni. Akauliza, "Nani kakwambia homa?" Nikasema, mjomba wangu. Akasema, "Basi kamuulize huyo huyo. Mimi nilitoa vidole. Maneno atoe yeye."

Sina jingine la kuandika leo, Mjomba. Nakuuliza.

Mbaruku


Handeni,
30 Juni 1974

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Usishangae kuchelewa. Tumehamishwa.

Watu wa operesheni ya vijiji walikuja na lori na orodha. Walituambia tuna wiki moja, kisha wakarudi siku ya tatu, labda wiki yao ni ya wilayani. Nyumba yangu imesafiri vipandevipande: mlango lori la kwanza, miti ya paa lori la pili, mimi na mama yako juu ya magunia lori la tatu, mama yako amempakata kuku wake kama anampeleka zahanati. Tumepangwa kwenye mstari mmoja mnyoofu, nyumba hamsini na mbili, mlango unatazama mgongo wa mwenzio. Jina rasmi la kijiji bado linajadiliwa. Sisi tunakiita Mstari. Kwa kuwa ninajua kuandika, nimefanywa katibu, na kazi yangu ni kuandika kwamba tumefurahi.

Mahindi tuliyoyaacha kule yamekaukia kule. Tunakula unga wa njano wa msaada. Unapikika, unalika, na tumbo linauliza maswali.

Bibi yetu mzaa mama alifia njiani kwenye uhamisho wa Wajerumani, na jirani yetu mzee Kibwana amefia kwenye huu, siku ya pili baada ya kushushwa, amekaa juu ya mlango wake akisubiri ukuta. Tumemzika mwisho wa mstari. Ni kaburi la kwanza la kijiji, nimelitia kwenye taarifa.

Mama yako hajambo. Kisomo kinaendelea, sasa chini ya turubai. Alimshika kila mmoja wetu paji la uso kabla ya kupanda lori, hata dereva.

Kuhusu lile uliloniuliza, mwandiko wako safari hii haukusomeka vizuri.

Mwinjuma


Korogwe,
14 Julai 1974

Mjomba,

Shikamoo. Poleni kwa uhamisho na kwa msiba wa mzee Kibwana.

Kwa kuwa mwandiko wangu haukusomeka, nauandika upya kwa herufi za kitabuni, ili hata katibu wa kijiji aweze kusoma:

BABA YANGU ALIKUFA NA NINI?

Nimerudi kwa mzee Valerian mara tatu. Mara ya tatu mkewe alinifungia mlango, lakini mzee akasema kupitia dirishani, "Muulize mjomba wako ile Jumamosi zamu ilikuwa ya nani."

Usiponijibu nitapanda basi nije nimuulize mama.

Mbaruku


Mstari, Handeni
2 Septemba 1974

Mbaruku mpwa wangu,

Naandika nimekaa nyuma ya ghala la kijiji, maana kwenye mstari huu mtu hana pa kujificha. Salamu za nyumbani ni njema. Nakuomba usipande basi.

Mwaka 1961 mimi nilikuwa nalisha korona na baba yako alikuwa mkata mkonge, shamba hilo hilo. Mimi ndiye niliyemleta kwetu akamwoa dada yangu. Yeye alipata mume, mimi nikapata mtu wa kunisikiliza nikijisifu. Mwezi wa kumi na moja akashikwa na homa, akaja Handeni, mama yako akamuuguza. Siku aliyoondoka bado alikuwa na joto kidogo. Mama yako ndiye aliyemwambia aende hivyo hivyo, mnyapara asije akaitoa nafasi yake. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Tarehe mbili Desemba ilikuwa Jumamosi, wiki moja kabla ya Uhuru. Old Korogwe kulikuwa na dansi kuanzia saa kumi alasiri, bendi kutoka Tanga, na ilisemekana wana gitaa la umeme. Mimi nilikuwa sijawahi kuliona. Wewe unafikiri hii tamaa yako ya nyaya uliiokota kwenye kasha la Mgiriki. Hukuiokota. Imekuja kwa upande wa mama, kama mambo yetu mengine yote sisi Wazigua.

Zamu ya alasiri ile ilikuwa yangu. Nikamwomba Mdoe anishikie. Hakuwahi kulisha korona, lakini kulisha si elimu: unatandaza majani, minyororo inayabeba, visu vinafanya kazi. Akaja moja kwa moja kutoka shambani na mavazi yake ya kukatia.

Hujawahi kuwa mkata, kwa hiyo nikueleze. Mkata mkonge anajifunga gunia kiunoni ili miiba isimtoboe mapaja. Fundo analifunga nyuma, mara mbili, lisifunguke mpaka jua lizame. Mtu wa korona hafungi kitu. Hafungi mkanda, havai hirizi. Ni jambo la kwanza unaloambiwa siku ya kwanza, kabla hujaambiwa jina la mnyapara. Baba yako hakuambiwa, kwa sababu wa kumwambia nilikuwa mimi.

Nililiona gunia. Hapa ndipo usome taratibu. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu vyangu vyeupe, nikainua kichwa, nikaliona, nikaona na fundo. Nikasema moyoni, nimwambie alivue. Halafu nikafikiri fundo lile litachukua muda, na lori la kwenda dansini lilikuwa limekwisha kuwashwa. Nikampungia mkono. Naye akanipungia, akapiga kelele juu ya mashine, "Nenda, shemeji, utanisimulia!"

Majani yakaziba. Akainama kuyatoa, mnyororo ukalidaka gunia. Valerian ndiye aliyemfikia kwanza akamshika mguu akivuta, na vidole vyake vikabaki huko.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele karibu na jukwaa. Gitaa lilikuwa zuri, Mbaruku. Hapo pia nisikudanganye. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kusikia, mpaka mtu aliponivuta shati.

Tulimwosha sisi wanaume, tulichoweza kuosha, tukamzika kesho yake. Nikapanda basi kuja Handeni. Njia nzima nilikuwa natunga sentensi. Nilipofika mama yako alikuwa anapepeta mahindi, nikasema, homa ilimrudia. Nilichagua homa kwa kuwa ilikuwa karibu, kama mtu anavyokamata mwiko ulio jirani na mkono. Dada yangu akaweka ungo chini. Akasema, "Basi ni mimi niliyemtoa kitandani."

Bado ningeweza kusema. Palikuwa na nafasi, kama ile uliyoniandikia kwenye sahani yako, kabla ngoma hazijaangukia. Ikapita. Tangu siku ile anamshika paji la uso kila anayetoka mlangoni. Miaka kumi na mitatu kasoro, na mimi nimekaa naye nyumba moja nikimtazama.

Choma barua hii. Na mama yako usimwambie. Yeye amekwisha kulizoea kosa lake. Mimi langu sijalizoea.

Mwinjuma


Korogwe,
20 Oktoba 1974

Mjomba Mwinjuma,

Shikamoo, kwa kuwa umri ni umri.

Idi tumeila kwa wali mkavu. Paji langu usimwambie mama kitu.

Sikuichoma.

Gitaa nimelitundika ukutani, buibui wameanza kulifunga nyaya zao. Sahani niliiweka mara moja tu. Niliupenda ule muziki kwa sababu ulikuwa unalilia kitu nisichokijua. Sasa nakijua, na nyimbo zimekuwa fupi. Korona ikiwashwa asubuhi naondoka naenda upande wa stoo, na fundi amekwisha kuuliza mara mbili nina nini. Ndugu Hiza aliniona sina gitaa akanipongeza kwa kubadilika. Ningempiga, lakini alikuwa ananipongeza kwa moyo safi. Akauliza pia, kwa sauti ya chini, kama ile sahani ya wanne walionuna naiuza.

Mzee Valerian nimemwambia kwamba umeandika. Akauliza, "Amesema aliliona gunia?" Nikasema amesema. Akakaa chini kwenye kizingiti. Akasema hilo hakulijua.

Mjomba, sikuandiki kukutukana. Lakini mama yangu hakumtoa mtu kitandani akafa. Anaishi kama aliyefanya hivyo, na wewe unampokea chai yake. Mwambie. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla ya Idi ya Kuchinja. Usipofanya nitakuja mimi, na nitamsomea barua yako bila kukohoa.

Mbaruku


Mstari, Handeni
27 Desemba 1974

Mbaruku,

Marahaba. Hapa mvua zimenyesha na tumepanda. Mstari umepata matope na jina: tumeambiwa tunaitwa Maendeleo. Watu wanaendelea kuuita Mstari.

Ningependa kukuandikia kwamba nilimwambia. Nilijipanga kumwambia. Nilijipanga wiki ya kwanza, nikaona anaumwa mgongo. Nikajipanga wiki ya pili, nikaona mgongo umepona na amefurahi, ya nini kumharibia. Ukiwa mtu wa kutafuta sababu hukosi.

Siku tatu kabla ya Idi alikuwa anafua. Alilichukua koti langu la ukatibu, na mfukoni mlikuwa na ile barua yako ya mwezi wa saba. Wewe uliandika kwa herufi za kitabuni ili unikomoe. Ndizo hizo hizo anazofundishwa.

Akaja nilipokaa, mikono bado ina povu, akaniwekea karatasi magotini. "Kaka, mwanangu anasemaje?"

Nikakohoa. Nikasema, "Anaulizia mvua."

Akachuchumaa. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kama wanavyoanza kule turubaini, kwa sauti, akivuta kila silabi. "Ba-ba. Ya-ngu. A-li-ku-fa. Na. Ni-ni." Povu likawa linadondokea karatasini. Akaniinulia macho. "Mvua iko wapi hapa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, lori, fundo, na viatu. Hakulia. Nilipofika mwisho akauliza swali moja tu: "Na wewe ulicheza?"

Nikasema nilicheza.

Akainuka, akamaliza kufua, koti langu pia, akalianika vizuri, mikono nje. Kisha akachukua kuku wake na mkeka akahamia kwa binamu yetu Mwantumu, nyumba ya nne. Kwenye mstari huu nyumba nne ni karibu mno. Kila asubuhi namwona anafagia, naye ananiona, tunasalimiana kama watu walioletwa na malori tofauti. Watoto wa Mwantumu wanatoka kwenda shamba na hamshiki yeyote paji. Nimekuwa nikitazama kwa makini. Hamshiki hata mmoja.

Barua zako zote alizidai nikampa, na ile ya Oktoba nikaiweka juu. Nilidhani ataomba Mwalimu Hosiana amsomee. Hapana. Anakaa nazo alasiri nzima, neno kwa neno, mwandiko wako ule wa nyayo za kuku, na akikwama haniulizi mimi. Habari ya kukohoa ameshaifikia. Najua kwa sababu jana nilikohoa kweli, kwa moshi, akiwa anapita. Akasimama, akanitazama mpaka nikanyamaza.

Leo asubuhi amekuja na karatasi iliyokunjwa. Hakukaa. Akasema, "Tia kwenye bahasha ya mwanangu. Na uisome kwanza. Nimeandika ili na wewe uisome."

Nimeisoma. Naitia kama ilivyo. Mkonge bado unakatwa huko, najua, na korona bado inalia. Mwambie Valerian kwamba namwomba radhi, ingawa sijui mtu anawezaje kuomba radhi ya vidole.

Mwinjuma


MWANANGU MBARUKU

MIMI NI MAMA YAKO ZAMDA. MKONO NI WANGU.

HAIKUWA HOMA. SIKUMUUA MIMI.

NIMESOMA HABARI YA MUZIKI WAKO. GITAA LITOE UKUTANI. NJOO NALO. LETE NA ILE SAHANI NA ILE REDIO MBOVU.

NATAKA KUSIKIA ALICHOSIKIA BABA YAKO.

UPIGE KWA NGUVU.

MJOMBA WAKO ATAKAA MBELE. AKIINUKA NITAMKALISHA.